Kifungu cha 14: shajara ya mradi wa sera ya kumbukumbu

Wiki ya 1

Barua ya uteuzi ina aya tatu. Natakiwa kuandaa sera ya usimamizi wa kumbukumbu na taarifa za taasisi, pamoja na kanuni za maadili kwa wanaozishika, ndani ya miezi sita. Sababu haikuandikwa, ila humu ndani hakuna asiyeijua: mkaguzi aliomba faili la mkataba mmoja, tukalisaka siku tisa, likaonekana chini ya meza ya mtu aliyekwisha kustaafu. Folio zake zote, yaani karatasi zenye namba zilizomo ndani ya faili, zilikuwamo, jambo ambalo hadi leo linanishangaza.

Timu ni watu wanne: mimi, mzee wa masjala ambaye ameishi na mafaili haya miaka 31, mwanasheria wetu, na kijana wa TEHAMA. Shajara hii nimeifungua ili nisichekwe. Anayeandika sera ya kumbukumbu bila kuweka kumbukumbu ya alivyoiandika anastahili kuchekwa.

Jumanne hadi Ijumaa tumehesabu. Ghala la chini lina mita 386 za rafu, pamoja na masanduku yaliyopangwa sakafuni. Mafaili hai yako masjala ya wazi na masjala ya siri. Halafu ipo seva ya pamoja, yenye folda inayoitwa "Mpya", ndani yake "Mpya2", ndani yake "Mpya kabisa", na hiyo ya mwisho ina nyaraka za miaka minane iliyopita. Barua pepe tumeziacha kwanza, kwa woga.

Wiki ya 3

Rasimu ya kwanza imekamilika, na ni mbaya.

Nilifanya wanachofanya wengi. Nilifungua ISO 15489, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa kumbukumbu kilichotoka mara ya kwanza 2001 na kuandikwa upya 2016, nikaanza kuteremsha. Kiwango chenyewe hakina ubaya. Kinataka kumbukumbu iwe na sifa nne: iwe halisi, yaani ithibitike kwamba ndiyo yenyewe na imetoka kwa anayetajwa, yaliyomo yaaminike, iwe kamili bila kuguswa kinyemela, na iweze kutumika, maana waraka usioonekana unapohitajika hauna tofauti na ambao haukuandikwa. Yote hayo niliyaweka kwa lugha ya kiofisi, kurasa 40.

Mzee wa masjala alikaa nazo siku mbili. Akarudi, miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Mwanangu, hii imenyooka. Sasa niambie: bosi akija saa kumi na moja jioni, watu wameondoka, akasema nitolee folio ya 23 kwenye faili hili, ukurasa wako wa ngapi unanisaidia?"

Nilipekua mbele yake. Kuna mahali nimeandika "ukamilifu wa kumbukumbu utalindwa". Utalindwa na nani? Sera nyingi hujificha kwenye kauli ya kutendwa: zitatunzwa, zitahakikiwa, zitateketezwa. Mtendaji hayupo, basi na wa kuulizwa hayupo.

Kurasa 31 nimeziondoa kwenye rasimu. Sijazitupa; ziko kwenye faili la mradi, folio ya 4.

Wiki ya 4

Nilimuuliza mzee kama ile folio ya 23 ni ya kubuni. Akafunga kwanza mlango.

Ilitokea zamani. Mkubwa mmoja alitaka barua ya onyo iondolewe kwenye faili la mtumishi aliyekuwa akipandishwa cheo. Mzee hakubisha. Alichukua karatasi tupu, akaandika: "Folio ya 23 imeondolewa kwa maagizo ya", akaacha nafasi ya jina, cheo, tarehe na sahihi, akamsogezea na kalamu. Akamweleza kwa adabu kwamba folio zina namba na kila moja imeandikwa kwenye karatasi ya mbele ya jalada, kwa hiyo 22 ikifuatwa na 24 yeyote atauliza, na itabidi awe na jibu. Mkubwa aliitazama ile karatasi, akasema atarudi kesho. Hakurudi.

Tangu nisikie kisa hicho nimebadili namna ninavyoifikiria kazi hii. Mzee hakuwa na sera ya maadili. Alikuwa na namba kwenye kona ya karatasi, na namba hiyo ikafanya kazi ambayo kurasa zangu 31 zisingeifanya. Pengo husema. Rais Nixon wa Marekani alikuwa na kanda ya mazungumzo ya tarehe 20 Juni 1972, siku tatu baada ya watu kukamatwa ndani ya ofisi za chama pinzani cha Democratic katika jengo la Watergate, na katika kanda hiyo kuna dakika 18 na nusu za mvumo mtupu. Maneno yaliyokuwamo hayajapatikana mpaka leo, pamoja na wataalamu kujaribu, lakini dakika hizo 18 zilimchafua kama vile zingesikika. Mwaka 1978 Bunge la nchi hiyo likatunga sheria kwamba kumbukumbu za kazi ya rais ni mali ya taifa, si zake aondoke nazo.

Upande wa kompyuta namba ya folio ni nini? Kijana wa TEHAMA alijibu upesi: mfumo unaandika nani amefungua, nani amebadili, nani amefuta, na saa ngapi. Nikamuuliza kama yeye anaweza kuifuta orodha hiyo. Akakaa kimya kidogo.

"Naweza, bosi. Mimi ndiye mwenye funguo zote."

Pendekezo ni lake mwenyewe: orodha ya matukio iwe inapelekwa papo hapo kwenye seva nyingine ambayo yeye haruhusiwi kuandika, funguo zake ziwe kwa mkaguzi wa ndani. "Msiniamini," alisema, "halafu siku kikiharibika kitu hamtanisingizia." Nimeyaandika maneno hayo neno kwa neno kwenye maelezo ya kifungu cha 9.

Wiki ya 6

Mwongozo wa muda wa kuhifadhi. Hii ndiyo sehemu ambayo kila mtu huiona ya kuchosha, nami nimeipenda kuliko zote.

Tumezunguka idara saba. Swali ni moja: kumbukumbu za aina hii mnazihitaji kwa muda gani, na kwa nini? Idara sita zimejibu "daima". Ukiuliza kwa nini, jibu ni "huenda zikahitajika". Ya saba ilijibu miaka mitatu kwa kila kitu, nikabaini mkuu wake anahama ofisi na hataki kubeba.

Watu hudhani kuhifadhi ndiyo wema na kuteketeza ndiyo uovu. Nilidhani hivyo mimi pia, mpaka tulipofungua kabati la rasilimali watu tukakuta maombi ya kazi ya miaka 12 nyuma, ya watu ambao hata hawakuitwa kwenye usaili. Nakala za vitambulisho, anwani, fomu za daktari. Mmoja ameeleza ugonjwa wake kwa kirefu ili aonewe huruma. Mtu huyo alitupa siri yake kwa ajili ya nafasi moja ya kazi, tukamnyima nafasi, siri tukabaki nayo miaka 12 kwenye kabati ambalo kitasa chake kimelegea.

Mwanasheria alituletea kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, ile iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Hatusemi inatubana, tunaazima fikra. Moja ya misingi yake ni kwamba taarifa inayomtambulisha mtu isikae katika hali hiyo kupita muda ambao sababu ya kuichukua inadai. Sababu ikiisha, taarifa iondoke. Wakati huohuo kanuni hiyohiyo imeacha mlango kwa nyaraka za kihistoria na za utafiti kwa manufaa ya umma, ili haki ya mtu kufutwa isigeuke kuwa haki ya kufuta historia. Mistari hiyo miwili imenipa usingizi mbaya wiki nzima, kwa sababu hakuna mashine ya kukuambia faili hili liko upande gani. Lazima mtu asome.

Kosa jingine tulilokaribia kulifanya ni la hesabu tu. Rasimu ilisema mikataba ikae miaka saba. Saba tangu lini? Chukua mkataba wa miaka kumi uliosainiwa 2008. Ukihesabu tangu kusainiwa, 2015 unauteketeza ukiwa bado unafanya kazi. Sasa kila mstari una safu ya tukio la kuanzia kuhesabu: mkataba tangu kumalizika, mtumishi tangu kuondoka, shauri tangu hukumu ya mwisho. Mzee wa masjala aliliona hilo kwa sekunde mbili. Mimi nilikuwa nimelipita mara nne.

Wiki ya 7

Mashine ya kuchana karatasi. Tuliyo nayo inakata vipande virefu kama tambi. Baada ya ubalozi wa Marekani kutekwa Tehran mwaka 1979, nyaraka zilizokatwa hivyohivyo ziliunganishwa upya kwa mkono, mstari kwa mstari, zikachapishwa vitabu. Tumeandika kiwango cha P-4 kwa taarifa za watu: kipande kisizidi milimita za mraba 160. Ununuzi wamesema bajeti ijayo. Mpaka wakati huo maombi ya kazi yanabaki kabatini, na kitasa kimetengenezwa.

Wiki ya 9

Kikao kirefu kuliko vyote, na ndimo kilimozaliwa kifungu cha 14.

Nilikuwa nimeandika utaratibu wa uteketezaji nikauonea fahari: muda unafika, orodha inatoka, mkuu wa idara anasaini, mashine inakata, hati ya uteketezaji inaingia kwenye faili. Mwanasheria akaniuliza kama namjua Arthur Andersen. Nikasema ni ile kampuni ya wakaguzi wa hesabu iliyochana karatasi za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani.

"Walichana kwa kufuata nini?"

Sikujua. Akanieleza. Oktoba 2001, Enron ikiwa imeanza kuyumba na wachunguzi wakikaribia, ndani ya Andersen ulipita ujumbe wa kuwakumbusha wafanyakazi waizingatie sera ya kampuni ya kutunza nyaraka. Basi. Hakuna aliyehitaji kuandika "ficheni". Sera ilikuwa inaruhusu kuondoa karatasi zisizohitajika, nayo ikakumbukwa siku ambayo ilipaswa kusimamishwa. Kampuni ilitiwa hatiani Juni 2002. Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo tarehe 31 Mei 2005 kwa sababu ya maelekezo mabovu waliyopewa wazee wa baraza, lakini wakati huo hapakuwa na kampuni ya kurudi kazini. Sheria ya Sarbanes-Oxley, ya 2002 hiyohiyo, ikaweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayeharibu kumbukumbu ili kukwamisha uchunguzi.

"Sera yako," alisema mwanasheria, "ni fagio zuri sana. Nani ana mamlaka ya kumwambia mfagiaji asimame?"

Tukaandika kifungu cha zuio: uchunguzi, kesi, ukaguzi au malalamiko yakitokea au yakinusiwa, uteketezaji wa kumbukumbu zinazohusika unasimama hata kama muda wake umefika. Hapo ningeridhika. Mzee ndiye hakuridhika. Akasema zuio hilo linatoka juu, na aliye juu anajua mambo ya juu. Karani anayelishika faili kila siku anajua jambo ambalo mkuu wa idara hajui: nani huja kuliulizia.

Nikakumbuka kadi za Windrush. Waliotoka visiwa vya Karibi kwenda Uingereza, kuanzia meli ya Empire Windrush ya 1948, waliandikwa kwenye kadi walipotua. Mwaka 2010 wizara ya mambo ya ndani ya huko iliziteketeza maelfu ya kadi hizo, na ilipoulizwa ilieleza kwamba taarifa za watu hazipaswi kutunzwa kupita kiasi cha mahitaji. Ni msingi uleule niliousifu wiki ya 6! Kisha ikaja siku ambapo wazee waliokaa nchini humo nusu karne walitakiwa kuthibitisha waliingia lini, wengine wakapoteza kazi, matibabu, hata kufukuzwa nchini. Habari za kadi zilipofumuka Aprili 2018, mtu aliyewahi kufanya kazi katika wizara hiyo alisema wafanyakazi walikuwa wakizitafuta kadi hizo kila mtu alipoulizia tarehe ya kuingia, na kwamba walionya. Wizara nayo ilishikilia kwamba kadi zisingethibitisha ukaazi wa miaka yote. Na wabishane. Kinachonihusu mimi ni yule karani aliyejua kadi inatafutwa na nani, halafu asiwe na fomu ya kujaza.

Tukakaa mpaka giza. Hivi ndivyo kifungu cha 14 kilivyotoka usiku ule, na nimejilazimisha kila kitenzi kiwe na mtendaji:

"Mtumishi yeyote anayeandaa, kutunza au kutumia kumbukumbu anaweza kusimamisha uteketezaji wake kwa kujaza fomu na kueleza sababu. Kamati ya watu watatu pekee ndiyo inayoweza kuondoa usimamishaji huo, na aliyeomba kumbukumbu hizo ziteketezwe hawezi kuwa mmoja wao. Kiongozi hatamwadhibu mtumishi kwa kujaza fomu hiyo."

Wiki ya 10

Hakuna la maana. Tumesahihisha namba za vifungu.

Wiki ya 11

Tumeiwasilisha kwa menejimenti. Vifungu 13 vya kwanza vilipita kwa dakika 40. Cha 14 kilichukua saa mbili.

"Yaani karani amzuie mkurugenzi?" Huyo alikuwa mkurugenzi, hivyo swali lilikuwa la haki.

Nilijibu vibaya. Nilitaja kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Nyaraka, zilizopitishwa Beijing mwaka 1996, ambazo zinamtaka mtunza nyaraka akatae shinikizo la yeyote la kuchezea ushahidi ili ukweli ufichike. Ni maneno mazito, lakini ukimsomea mtu anayeona unamtuhumu, unamkasirisha tu. Kikao kikapoa kama kuta.

Mwanasheria alilichukua kwa upande wa pili. "Mheshimiwa, siku mtu akikushtaki kwamba ulichoma ushahidi, utajitetea vipi? Kifungu hiki kinakuwezesha kusema: orodha ya mafaili ya kuteketezwa ilibandikwa siku 30, watumishi wote waliiona, yeyote angeweza kuizuia, hakuna aliyeizuia." Nikaona mkurugenzi anaandika kitu kwenye daftari lake.

Wakaleta marekebisho mawili. La kwanza, fomu ijazwe "kwa idhini ya mkuu wa idara". Hilo linakiua kifungu kwa neno moja, maana mara nyingi mkuu wa idara ndiye aliyeomba kuteketeza. Tukalipinga likaondoka. La pili, masjala ya siri isihusike kabisa. Hapo walishikilia.

Niliwaeleza kisa cha Hanslope Park, na safari hii nilikieleza taratibu. Uingereza ilipokuwa ikiondoka katika makoloni yake, maagizo ya 1961 yalitaka serikali mpya zisiachiwe nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Malkia au kufichua watoa habari wake. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa. Nusu karne baadaye, wazee wa Mau Mau walipofungua kesi London kudai fidia ya mateso, serikali ilikiri mwaka 2011 kwamba inayo mafaili ya makoloni 37 kwenye jengo la wizara ya mambo ya nje huko Hanslope Park, yasiyokuwa kwenye orodha yoyote ya nyaraka za umma. Juni 2013 ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Siri yenyewe ilikuwa na watunzaji waaminifu muda wote huo. Kilichokosekana ni mtu wa nje ya chumba kujua kwamba chumba kipo.

Tulikutana katikati: masjala ya siri itakuwa na kamati yake, lakini lazima iwe na orodha, na kila muhuri wa "siri" uwe na tarehe ya kupitiwa upya. Sikufurahi, ila nimeona mapatano mabaya kuliko haya.

Wiki ya 13

Aibu. Naiandika kwa sababu nimeahidi.

Mwanasheria aliniuliza ni lini hasa tulikubaliana kubadili siku 60 za kubandika orodha kuwa 30. Nikasema iko kwenye kundi letu la WhatsApp. Nikafungua: hakuna kitu. Kijana wa TEHAMA alikuwa amewasha ujumbe unaojifuta baada ya siku saba, ili kundi lisimjazie simu, nasi sote tulilibonyeza lile tangazo bila kulisoma. Majadiliano ya wiki tatu kuhusu sera ya kutunza kumbukumbu yamejifuta yenyewe.

Mzee alicheka hadi akavua miwani. Yeye hana simu ya kundi hilo. Alikuwa akiniomba nimwandikie kila uamuzi kwenye dokezo sabili, yaani karatasi fupi ya maelezo ya ndani ya ofisi, na madokezo yake ndiyo yaliyotuokoa. Siku 30 iko hapo, kwa mwandiko wangu, folio ya 37.

Kifungu kipya: uamuzi wa kazi ukifanyika kwenye simu, aliyeuamua anauandika kwenye faili ndani ya siku mbili za kazi. Nilitaka kupiga marufuku kabisa makundi hayo, nikajikumbusha kwamba marufuku isiyotekelezeka humfundisha mtu kufanya jambo hilohilo kwa kificho.

Wiki ya 16

Mtumishi mmoja ameomba kuliona faili lake binafsi. Ana haki, rasimu inampa siku 30. Tatizo ni kwamba ndani mna barua ya mwenzake iliyomlalamikia, na aliyeandika aliahidiwa jina lake halitatoka. Tumempa kila kitu pamoja na yaliyolalamikiwa, tumefunika jina na maneno yanayomtambulisha mwandishi.

Kufunika nako kuna ufundi wake. Mara ya kwanza aliyepewa kazi alipaka wino mweusi juu ya karatasi. Ukiielekeza kwenye taa unasoma kila herufi. Mara ya pili akaweka kisanduku cheusi kwenye kompyuta. Ukinakili maandishi yaliyo chini ya kisanduku na kuyabandika kwingine, yanatoka yote. Njia iliyofaa ni kutoa nakala ya karatasi, kufunika, kisha kuitoa nakala ile nakala, na kukabidhi ya pili. Ya asili haiguswi. Nimeandika utaratibu wa nusu ukurasa na kuubandika juu ya mashine.

Wiki ya 19

Orodha ya kwanza ya majaribio imemaliza siku zake 30 ukutani: mafaili na masanduku 214, muda umepita kwa yote. Sera bado haijasainiwa na bodi, lakini menejimenti ilikubali tuipime.

Siku ya 12 karani mdogo kuliko wote masjala, binti ambaye hajafikisha mwaka kazini, alikuja mezani kwangu ameshika fomu. Fomu namba 1. Anazuia masanduku manne ya rejista za mahudhurio ya vibarua. Muda wake ni miaka saba, na saba imepita. Sababu aliyoandika ni mistari miwili: hawa hawakuwa kwenye mfumo wa mishahara, walilipwa kwa vocha na vocha zimeshateketezwa, rejista hizi ndizo karatasi pekee zinazoonyesha kwamba walifanya kazi hapa. Chini akaongeza kwamba tangu aanze kazi watu watatu wamekuja kuulizia tarehe zao.

Sikujua kuhusu hao watatu. Mzee anawajua. Mkuu wa idara, aliyeiandika orodha na anayehitaji nafasi ile, hawajui, na alipopata nakala ya fomu alinipigia simu kuuliza huyo binti ni nani na nani kamtuma. Nilimwambia kifungu kinataka sababu ijadiliwe, si mtu. Akanijibu kwamba kifungu hicho bado si sheria. Kweli tupu.

Nilimwambia binti hivyohivyo, kwamba sina nguvu ya kumlinda kwa karatasi ambayo haijasainiwa. Akasema, "Sawa, kaka. Lakini fomu umeipokea?" Nikagonga muhuri wa tarehe.

Mafaili mengine 210 yameteketezwa. Mashine mpya haijafika. Tuliyapeleka yachomwe, wawili wetu tukasimama hadi mwisho, hati mbili, sahihi mbili.

Wiki ya 22

Bodi imesaini. Kifungu cha 14 sasa ni cha 16, kwa sababu waliingiza viwili juu yake kuhusu mitandao ya kijamii. "Mtumishi yeyote" imebaki. "Siku 30" za kubandika orodha zimekuwa 21. Sentensi ya mwisho, ya kutoadhibu, mjumbe mmoja alitaka isomeke "hataadhibiwa", mimi nikaomba kiongozi abaki kwenye sentensi. Amebaki.

Faili la mradi nimelikabidhi masjala, folio 118, zikiwemo zile kurasa 31. Mzee aliandika namba kwenye jalada, akaniuliza alipangie miaka mingapi. Nikamwambia aangalie mwongozo. Akaangalia, miradi ya sera hatukuiweka. Tumeongeza mstari kwa kalamu, tukautia sahihi sote wawili, utaingia kwenye marekebisho ya kwanza.

Kamati ya fomu namba 1 ilipaswa kukaa Alhamisi. Mjumbe mmoja amesafiri, sasa ni Jumanne. Masanduku manne yako rafu ya 9, na juu yake mzee amebandika karatasi yenye jina la binti, tarehe, na neno "yasiguswe".